Baiskeli haiui mbio dogo, inategemea unaipandaje na lini

Dogo nimekuelewa, una mbio za 21km mbele yako, ugoko unauma na kocha kakwambia usiguse baiskeli maana inaua mbio. Kocha hajakudanganya ila hajamaliza maneno, mi yamenikuta yote mawili hapahapa Dodoma, baiskeli kuniua mbio na baiskeli kuniokoa.

Nilipopata kibarua Mtumba, kule mji wa serikali mashariki mwa Dodoma, nikawa naenda kwa baiskeli nisevu nauli, nikajiambia si ndo mazoezi ya ziada. Baiskeli yenyewe nzito, haina gia, na wanaoijua ile barabara wanajua asubuhi upepo wa mashariki unakupiga usoni, mwezi wa saba na wa nane ndo usiseme, basi unasimama juu ya pedeli unasukuma kwa mapaja mwanzo mwisho. Jioni naenda uwanja wa Jamhuri kupiga spidi, mita 400 mara 12, pumzi ipo kabisa lakini mguu haunyanyuki. 10km yangu ilikuwa dakika 32:30, msimu ule nikamaliza 33:50 na nililia kweli.

Miaka miwili baadaye ugoko ukanishika, nikigusa sehemu moja tu kwa dole gumba naruka. Daktari akasema wiki 6 hakuna kukimbia. Safari hii nikaazima baiskeli ya gia, na kitu cha kwanza nikapandisha kiti, unakaa unaweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, ukija kukanyagia mbele ya wayo goti linabaki limekunjika kidogo. Halafu gia nyepesi. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, ukipata 22 au 23 uko sawa, hiyo ni kama mizunguko 90 kwa dakika, ndo mwendo wa hatua 180 za kukimbia. Nilikuwa napiga dakika 5 kali na 2 za kulegeza, mara 6, njia ya Msalato alfajiri kabla malori hayajaanza, na siku nyingine saa moja na nusu taratibu. Mapigo ya moyo kwenye baiskeli huwa chini kidogo kuliko ukikimbia kwa hiyo usiikimbize namba ya mapigo unayoiona kwenye saa ya mkononi ukikimbia.

Niliporudi pumzi ilikuwepo, yani karibu yote. Kilichopotea ni mguu. Ukikimbia kila hatua mguu unapokea mara mbili mpaka tatu ya uzito wako, kwenye pedeli hamna hicho kitu, ndo maana mfupa unapona na ndo maana hauwi mgumu. Nilianza dakika 10 za kukimbia, kesho napumzika, na nilikaa mwezi mzima kabla ya kugusa spidi. Alphonce Simbu wetu wa Singida alivyochukua ubingwa wa dunia wa marathon Tokyo 2025 kamwacha Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya 42km zote zile, ule mchomoko wa mwisho unatoka kwenye mguu uliozoea kupiga ardhi.

Kwa hiyo we na huo ugoko panda, tena panda kwa moyo, ila iwe badala ya mbio nyepesi, usiijazie juu ya mazoezi yote kama nilivyofanya mimi. Ukishapona bakiza siku moja au mbili kwa wiki. Zikibaki wiki 3 kabla ya mashindano mi baiskeli inabaki ndani, mpaka dukani naenda kwa miguu.

Kocha muonyeshe hayo ya gia nyepesi na kiti, na maumivu yakiwa ya sehemu moja ukigusa, nenda hospitali kapige picha ya mfupa kwanza kabla hujafanya lolote.