Hadithi Yako Uiambatishe au Uiache?

"Shikamoo kaka. Nina mashairi kumi na mawili na hadithi moja ndefu. Niyatume yote na maombi yangu ya chuo Marekani?" Ujumbe huu umetoka kwa binti wa kidato cha sita, Tabora. Marahaba, mdogo wangu. Yote, hapana. Na huenda usitume hata moja.

Kama unaomba vyuo vya hapa nyumbani tu, shairi halina pa kukaa kwenye maombi. Kinachoangaliwa ni ufaulu wako na tahasusi uliyosoma. Funga daftari la mashairi, usome. Vyuo vya Marekani ndivyo vyenye habari nyingine: fomu inayotumiwa na vingi ina insha binafsi isiyozidi maneno 650, na baadhi ya vyuo, si vyote, hupokea pia kiambatisho cha sanaa, uandishi wa kubuni ukiwemo. Ingia kwenye ukurasa wa udahili wa kila chuo usome masharti yake. Kikisema hakipokei, usijaribu kupenyeza kazi yako kwa barua pepe. Hapo hujaonyesha bidii, umeonyesha kwamba hufuati maelekezo.

Chuo kikipokea, jiulize kwanza: insha yangu imekamilika? Insha inasomwa na vyuo vingi, kiambatisho kinasomwa na wachache. Nawaona vijana wanakesha wiki mbili kwenye hadithi huku insha wameiandika usiku mmoja, na roho inaniuma.

Baadhi ya vyuo hupeleka kazi ya mwombaji kwa wahadhiri wa fani hiyohiyo. Anayekusoma, basi, anajua hadithi ni nini, ila haijui Kigoma. Mtu wa Ujiji akiandika kwamba mitumbwi imelala ufukweni kwa sababu ya mbalamwezi, sisi tumeshaelewa: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwaka wavuvi hupumzika. Msomaji wa mbali hajui. Usimwekee aya ya maelezo. Mfanye mvuvi atazame mwezi, asonye, arudishe taa ndani, hapo ameshaelewa. Hadithi inayoanza na kina cha Ziwa Tanganyika, mita zaidi ya 1,400, ni somo la jiografia. Na ile tabia ya kufunga kwa fundisho tuliyoizoea kwenye insha za shule, ikate.

Mashairi ndiyo yenye kazi kubwa. Tazama mshororo huu:

Reli yapita Tabora, kuelekea Kigoma

Hesabu: mizani 8 upande huu, 8 upande ule. Kina cha kati ni -ra, cha mwisho ni -ma. Ukiupeleka kwenye Kiingereza, mizani imekwenda, vina vimekwenda, kinabaki kituo cha treni na kituo kingine. Shairi lililosimama kwa vina peke yake litaanguka hapo. Jaribu hivi: litafsiri kwa maneno ya kawaida kabisa, bila kulazimisha vina, kisha lisome. Kama bado kuna picha au wazo linalokushika, hilo ndilo la kutuma. Weka Kiswahili chake upande mmoja na tafsiri upande wa pili, halafu mistari miwili ya kueleza kwamba shairi lina vina na mizani na kwamba tafsiri ni yako mwenyewe. Tafsiri ya mashine hujulikana haraka.

Mwalimu akusahihishie tahajia, asiandike upya. Sauti ya hadithi ikiwa ya mtu wa miaka hamsini na insha ikawa ya kijana wa kumi na tisa, msomaji ataanza kuwa na shaka, na shaka hiyo itaigusa insha pia.

Idadi: mashairi mawili au matatu, au hadithi moja. Kikomo cha kurasa fuata cha chuo. Ukiambiwa kurasa 10 zenye nafasi mbili kati ya mistari, kwa herufi za ukubwa wa 12, hayo ni kama maneno 2,500. Usibane herufi ili uongeze ukurasa.

Sasa kalenda, maana wa bweni ndipo wanapoangukia. Vyuo vingi vina tarehe ya mwisho ya mapema karibu na Novemba 1, nyingine mwanzoni mwa Januari. Novemba uko shuleni, simu hairuhusiwi. Kwa hiyo kwa wengi wenu dirisha ni likizo ya Desemba, na daftari lazima urudi nalo nyumbani. Ukipeleka kuchapa steshenari, kaa pale pale. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili yenyewe, na mchapaji anayelipwa kwa ukurasa hana muda wa kukagua mishororo yako. Mwambie azime masahihisho hayo kabla hajaanza. Hifadhi kwa PDF, jina lako likiwa kila ukurasa. Baadhi ya vyuo hutoza ada ndogo ya kiambatisho, hulipwa kwa kadi. Kama umesamehewa ada ya maombi, uliza kama msamaha unafika na huku.

Kabla ya kutuma, fungua faili kwenye simu ya mtu mwingine. Mishororo ikikatika mahali ambapo wewe hukuikata, rudi steshenari.