Acha kupulizia, chimba mche utazame mizizi

Mkuu, weka chini hilo bomba. Unasema nyanya zinasinyaa saa sita mchana, jioni zinaamka, majani ya chini yana njano, tena kwa mabaka, siyo shamba zima. Mwenye duka la pembejeo kakwambia ni ukungu. Sasa unauliza uongeze dawa gani na tenga litafika bei gani Desemba. Hayo hayo niliambiwa mimi nikilima Ilula, na niliyalipia.

Nilipulizia wiki 6. Dawa ya ukungu, kisha nyingine kali zaidi, kisha busta, ile mbolea ya kupulizia majani. Majani yanang'aa kwa dawa, mmea unafia chini. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja aliyekuja kibarua cha palizi: alichimbua mche mmoja akaniwekea mbele yangu. Mizizi imevimba kama tangawizi. Minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi! Kumpulizia mnyoo dawa ya ukungu ni kumtegea panya ndoana.

Humwoni kwa macho. Akiwa mchanga hafiki hata nusu milimita. Anapenya karibu na ncha ya mzizi, anatulia humo, anaulazimisha mmea umtengenezee seli kubwa za kumlisha, na mzizi unavimba. Maji hayapandi vizuri, ndiyo maana jua likichoma mmea unalala. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na udongo ukiwa na joto kizazi kinakamilika ndani ya mwezi mmoja hivi. Sasa pigia hesabu wiki zangu 6.

Na bado hasara kubwa ilikuwa mbele. Nilirudi dukani na mzizi mkononi. Jamaa yule yule, bila haya, akaniambia nipumzishe nyanya msimu mmoja, nipande bamia, na mbegu akaniuzia yeye. Bamia! Minyoo hawa wanaipenda bamia kupita kiasi. Nililipa mbegu, maji na vibarua ili niwafuge. Niliporudisha nyanya, nusu heka haikutoa hata matenga 10, na marejesho ya mkopo wa kikundi yanasubiri. Nusu heka ya pili, iliyokuwa safi, nililima kwa pawatila ile ile yenye udongo wa kule kwenye minyoo, nikawahamishia mwenyewe. Mpaka leo nikipita lile duka damu inachemka. Anauza dawa bila kuuona mzizi!

Kesho asubuhi chimba kwa jembe miche mitatu pembezoni mwa baka, siyo iliyokwisha kufa. Usiivute kwa mkono, mizizi yenye mafundo itakatikia chini ukadhani umepona. Isuuze kwenye ndoo. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki. Si kama vinundu vya kawaida vya mizizi ya maharage, vile vinabanduka kwa ukucha. Mizizi ikiwa safi, kata shina ulining'inize kwenye glasi ya maji: ukishuka uzi mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria, na wenyewe pia hauponi kwa dawa ya ukungu.

Ukikuta mafundo, ng'oa na mizizi yake uchome. Msimu wa jua kali lowesha udongo, funika kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6. Miche ijayo otesha mwenyewe kwenye udongo safi, wengi tunanunua minyoo pamoja na miche. Jembe lioshwe, pawatila ioshwe, viatu vioshwe.

Usitoe hata shilingi kabla hujaiona mizizi, Mkuu, nakuomba. Ukishachimba tupia picha hapa, ya mizizi, siyo ya majani.