Nunua barbeli kwanza, uzito utaupata hata Katwe

Mdogo wetu wa Jinja, hapa Uganda, ameuliza: ana shilingi milioni moja na nusu, amepanga muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, na kuna mtu anamuuzia mashine ya mazoezi iliyotumika, ile ya waya na kapi za kuvutia kifua, mgongo na miguu. Aichukue au atafute barbeli, ile fimbo ndefu ya chuma ya kunyanyulia uzito? Mimi nanyanyua chuma hapa Bombo pamoja na vijana wa mtaa, na jibu langu ni barbeli.

Mashine hiyo ina kikomo. Siku utakayoweza kuvuta uzito wake wote, huna pa kuendelea. Waya nao huanza kukatika nyuzi moja moja pale unapopita kwenye kapi, na ukikatika ukiwa unavuta, utaumia. Tena mashine inakushikia mzigo usiyumbe, wakati barbeli inakulazimu uushike mwenyewe kwa miguu, kiuno na mgongo.

Basi fedha nyingi ziende kwenye barbeli yenyewe. Barbeli kamili ya mashindano ya wanaume ina urefu wa mita 2.2 na kilo 20, ya wanawake kilo 15, na zote zina ncha zenye kipenyo cha milimita 50 zinazozunguka. Zile za bei rahisi zina ncha za inchi moja, na nyingi hupinda ukianza kuweka mzigo wa maana. Nenda dukani na futi yako. Ilaze barbeli kwenye sakafu iliyo sawa uiviringishe: ikirukaruka, imepinda, iache. Zungusha ncha, kisha papasa sehemu ya kushikia, iwe na mikwaruzo ya kutosha mkono wenye jasho usiteleze. Kabla ya yote hayo pima chumba, maana unahitaji nafasi pande zote mbili ya kuingiza sahani, yaani vyuma vya duara vya uzito. Kama mita 2.2 haziingii, tafuta fupi yenye ncha hizohizo za milimita 50.

Sahani ndizo za kubana matumizi. Chuma kikuukuu kinavuta chini sawasawa na chuma kipya kilichopakwa rangi. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakukatia sahani. Waambie tundu lizidi milimita 50 kidogo tu, na zile kubwa ziwe na kipenyo cha sentimita 45, ili barbeli ikae kwenye kimo sahihi unapoinyanyua kutoka chini. Zikiwa ndogo kuliko hapo, ziinue kwa mbao. Usiamini namba iliyoandikwa kwa rangi. Zipeleke kwa mnunuzi wa kahawa au mahindi uombe mizani, uandike kilo halisi.

Na tafadhali, usirudi bila jozi ya sahani za kilo 1.25. Watu huzidharau, lakini nguvu inajengwa kwa kuongeza kidogo kidogo. Kwa jozi hiyo unaongeza kilo 2.5, bila hiyo, kama sahani yako ndogo ni ya kilo 5, utaruka kilo 10 kwa mara moja na mabega yatagoma.

Sahani za saruji sizipendi. Lita moja ya zege ina kama kilo 2.4, ya chuma inazidi 7, kwa hiyo zinakuwa nene, zinajaza ncha upesi, na ukiziangusha zinapasuka. Afadhali jerikeni la lita 20: likijaa maji ni kilo 20 na zaidi kidogo, ukijaza mchanga mkavu linafika kama kilo 30. Beba mawili, moja kila mkono, utembee uwanjani. Mwanariadha wetu wa Uganda John Akii-Bua, aliyeshinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, alikuwa akikimbia mazoezini na fulana iliyojazwa risasi, ile metali nzito. Uzito ni uzito.

Kwenye stendi ya skwati, yaani ya kuwekea barbeli unapochuchumaa nayo mabegani, usibane hata senti. Fundi achomelee bomba za mraba, kitako kiwe kipana, na pawe na mikono miwili ya kudaka barbeli ikikushinda. Mikono hiyo ndiyo inayolinda maisha ya mtu anayefanya mazoezi peke yake. Bila hiyo, usilale kwenye benchi na mzigo mzito bila mtu kichwani pako. Ukilazimika, usifunge vibano vya kuzuia sahani zisichomoke, ili mzigo ukikubana uinamishe upande mmoja sahani zimwagike.

Sakafu ya muzigo itapasuka, na mwenye nyumba atakudai. Waombe watengenezaji wa lugabire, yaani ndala za tairi, vipande bapa vya tairi, uvipange chini ya sahani.

Pima chumba chako, urefu, upana na kimo cha dari, uweke vipimo hapa. Nitakuchorea stendi inayoingia humo uipeleke kwa fundi.