Kilembe, mji wa shaba

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mji gani mdogo ulioanzishwa na madini unaofaa kutembelewa leo hapa Uganda. Najua wengi watataja dhahabu ya Busia. Wengine watataja Mubende, ingawa huko jeshi liliwaondoa wachimbaji wadogo Agosti 2017. Mimi nasema Kilembe, japo madini yake ni shaba.

Mji umebanwa kwenye bonde la mto Nyamwamba, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Kasese. Shaba ndiyo iliyoileta reli Kasese mwaka 1956. Mawe yakichimbwa huku, yakasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Kisha ukaja utawala wa Amin, bei nayo ikashuka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ukanyamaza.

Wapanda milima hulala Kyanjuki, mtaa wa hapa hapa Kilembe, usiku mmoja, alfajiri wakashika njia ya Margherita, kilele cha milima ya Rwenzori, mita 5,109 juu, bila hata kuutazama mji. Siwalaumu, msitu wa Rwenzori ni mzito, una vinyonga wenye pembe tatu, na tangu 1994 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini hapo chini ndipo penye habari. Nyumba za wafanyakazi zimepangwa mstari kwa mstari, mabati yameshika kutu, na zile za mabwana wa kampuni zimekaa peke yake zikiwa na nyua pana. Msidhani ni mahame: watu wanaishi humo, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza. Basi ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Tafuteni mzee aliyefanya kazi mgodini awatembeze, na mlipeni vizuri. Mimi nilijifunza mengi kwa mzee mmoja wa namna hiyo kuliko kwenye kitabu chochote, na alisimulia kwa Kiswahili safi cha mgodini.

Atawaonyesha pia majabali makubwa katikati ya makazi. Hayo aliyaleta Nyamwamba alipofurika Mei 2013, akarudia Mei 2020, na hospitali ikaumia mara zote mbili. Mto huo hupita kando ya malundo ya mabaki ya mgodi, kwa hiyo maji yake msiyanywe.

Njooni Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari. Mkiwa na siku mbili tu, ya kwanza iwe ya mji, ya pili ya msitu. Na mvua ikinyesha usiku kucha milimani, msiteremke mtoni mpaka wenyeji wawaambie.