Gari lenye Mbio kwa Bei Nafuu: Maswali Yenu Kutoka Tanga

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Makorora, Tanga, na nimedunduliza shilingi milioni 13 kwa miaka minne. Nimepata Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, giaboksi ya mkono, namba C, ambayo mwenyewe aliyeko Chumbageni anaiuza kwa milioni 11 na nusu. Dalali ananihimiza nitoe malipo ya awali kabla ya Ijumaa kwa sababu, anasema, kuna mteja mwingine anatoka Arusha. Gari limewekewa egzosi kubwa na ile vali inayopiga mluzi ukiachia mafuta, rangi yake inang'aa, na injini imeoshwa ikatakata. Rafiki zangu wananiambia Subaru ya tabo ni kujitafutia maradhi. Je, ninunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitoe hata shilingi kabla ya Ijumaa, wala Jumamosi, mpaka umelikagua gari hilo kwa namna nitakayokueleza. Mteja wa Arusha akilichukua, mwache alichukue, kwa sababu gari usilolijua ndani halijawa lako hata ukilikosa.

Sikukatazi kununua WRX, ingawa ina tabo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ni gari zuri, na jina lake halikutoka hewani: Impreza ndiyo iliyompa Colin McRae ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Hata hii ya kawaida ya soko la Japani, yenye injini ya EJ205 ya lita 2, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250, jambo ambalo magari mengi yanayopita barabara ya kwenda Muheza hayalikaribii. Lakini zingatia hesabu moja ambayo wanunuzi wengi huiruka. Bei ya gari hili imeshuka kwa miaka zaidi ya 20, ilhali klachi yake, tabo yake, diski zake za breki na mkanda wake wa taiming bado ni vya gari lililokuwa ghali lilipokuwa jipya. Ukitoa milioni 11 na nusu unabakiwa na milioni moja na nusu, na kwa fedha hiyo huwezi kuliweka sawa gari la aina hii lililopita mikononi mwa watu kadhaa. Kwa maoni yangu, theluthi moja ya bei ya gari ibaki mfukoni siku unapopokea ufunguo. Maana yake, kwa akiba yako, gari lisizidi milioni tisa na nusu hivi, ama mwenye gari akubali kushuka, ama utafute jingine.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi na mapema, na umwombe mwenyewe kwa adabu asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, limewashwa makusudi, kwa kuwa injini mbovu hujificha ikishapata moto. Vuta kijiti cha oili. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita moja, na kama oili imeshuka chini ya alama ya chini kwa gari linalouzwa, basi mwenyewe hakuwa na mazoea ya kulipima, na kwa Subaru ya tabo hilo peke yake linatosha kunifanya niage na kurudi nyumbani. Fungua kifuniko cha oili na uangalie upande wake wa ndani: ukikuta utando mweusi mzito kama lami, ujue oili ilikuwa ikimwagwa kwa kuchelewa. Fungua pia rejeta ikiwa bado ya baridi, uone kama kuna mafuta yanayoelea au matope ya kahawia.

Ndipo upige stati, ukiwa umesimama nje mbele ya injini, mtu mwingine akiwa kwenye ufunguo. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo pesa ya watu inapopotelea. Injini hii ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na maradhi yake makubwa ni kufa kwa metali za konrodi, yaani vile vikombe laini vinavyokaa kati ya konrodi na krankishafti, pale oili inapopungua au inapochakaa. Mlio wake ni wa kugonga, mzito, unaofuata mwendo wa injini, nao husikika vizuri ukipandisha mizunguko kidogo kisha ukaachia. Mimi niliusikia mara ya kwanza baada ya kupita Kabuku, nikienda Dar es Salaam na gari langu la kwanza la tabo, ambalo sikuwa nimelipima oili tangu wiki tatu nyuma. Nilidhani ni jiwe limenasa kwenye ngao ya chini. Niliendelea na safari, na kabla ya kufika Mkata injini ikanoki. Fundi alipofungua kata ya oili, lile beseni la chini ya injini, alinionesha vipande vyembamba vya metali vinavyong'aa kama magamba ya dagaa, na krankishafti ilikuwa imechimbika kiasi cha kushika kucha. Ningelisimama pale Kabuku nikaongeza oili na kuita gari la kuvuta, huenda ningenusuru nusu ya gharama ile.

Tazama pia moshi. Moshi wa buluu unaotoka gari likiwa limekaa linaunguruma kwa dakika kadhaa, kisha ukakanyaga mafuta, mara nyingi ni oili inayopita kwenye tabo au ringi. Kumbuka kwamba mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando wa oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya Subaru zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya bomba linaloipeleka oili kwenye tabo. Kikiziba kwa uchafu, tabo hufa kwa kiu ingawa oili imejaa. Mwambie fundi akiangalie. Baada ya hapo mlipe apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Kazi hiyo kwa Subaru huchukua muda kwa sababu plagi zimejificha ubavuni, na fundi mvivu atakwambia haina haja. Tafuta fundi mwingine.

Mkanda wa taiming, unaolinganisha mwendo wa vali na wa pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika kwenye injini hii vali hupinda. Kama mwenyewe hana risiti wala kibandiko chenye kilomita, hesabu kwamba haujabadilishwa, na utakapoubadilisha, badilisha pamoja nao rola zake, kikazio na pampu ya maji, kwa kuwa pampu huzungushwa na mkanda huo huo na ufundi wa kufungua ni mmoja.

Kuhusu egzosi na vali ya mluzi, ninasema kwa uchungu kwa sababu vijana wengi huona ni faida. Kompyuta ya gari hili hupima hewa inapoingia kabla ya tabo. Vali ile inapoitema hewa hiyo nje, kompyuta haina habari, humwaga petroli kana kwamba hewa bado imo, na injini hupata mchanganyiko mzito kila unapobadilisha gia. Egzosi iliyofunguliwa kupita kiasi bila kompyuta kurekebishwa nayo inaweza kuifanya tabo isukume hewa zaidi ya kipimo. Ongeza juu yake jambo la mafuta: magari haya yalipangwa yatumie petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo huuzwa kwa okteni, yaani kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati, ya karibu 100. Okteni ikipungua, hasa kwenye joto la Tanga la Februari, mchanganyiko huweza kulipuka kabla ya wakati na kupasua pistoni. Kwa hiyo tafuta lile ambalo halijaguswa, hata kama rangi yake imefifia, na kama utalichukua hili, mdai mwenyewe vifaa vya awali. Akikujibu alivitupa, punguza bei.

Kisha omba kuliendesha. Tafuta uwanja mtupu, kata usukani hadi mwisho na utembee polepole kwa kuzunguka. Likikuruka au ukihisi kama kuna mtu amelishika kwa nyuma, difrenshali ya kati, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, imeumia, na chanzo chake mara nyingi ni tairi zisizolingana. Subaru inataka tairi zote nne ziwe za aina moja na zilizoisha kwa usawa, tofauti ya mzingo wa tairi na tairi isizidi kama milimita 6, kwa hiyo tabia yetu ya kubadilisha tairi moja moja kila inapopasuka haifai hapa. Soma na umri wa tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni, 2318 kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Giaboksi ya gia tano nayo si ngumu kama jina la gari. Ikikwaruza kuingia gia ya pili au ya tatu, huenda kuna mtu alikuwa akibadilisha gia kwa pupa.

Makaratasi usiyapuuze. Namba C inakwambia gari liliandikishwa lini nchini, haikwambii lilitengenezwa lini. Linganisha namba ya chesi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, kwa sababu Subaru nyingi zimeshabadilishwa injini na si wote walioripoti. Angalia madeni ya faini kwa namba ya gari, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mkiwa wote wawili.

Ukishalinunua, mwaga oili kila kilomita 5,000 au kabla, lipime kila unapojaza mafuta, na usitarajie zaidi ya kilomita 8 kwa lita mjini. Usilikanyage kabla halijapata joto, na dakika mbili tatu za mwisho wa safari endesha taratibu ili tabo ipoe oili ikiwa bado inapita. Mbio zake ziache kwa uwanja wa mashindano. Kwenye vibao vya 50 vya vijiji vya njia ya Segera kuna watoto wanaovuka kwenda shule, na tochi ya trafiki ndiyo adhabu ndogo kuliko zote zinazoweza kukupata hapo.

SWALI: Ninaishi Raskazone, mimi ni mama wa watoto wawili na ninapenda gari linaloondoka vizuri. Nimeambiwa nichukue Toyota Altezza. Kuna ya silinda sita na ya silinda nne, bei zinakaribiana. Ipi inafaa? Pia ninapanda Lushoto kwa wazazi mara kwa mara.

JIBU: Dada yangu, kwa matumizi yako chukua ya silinda sita, AS200. Injini yake ya 1G-FE ni ya nguvu za farasi 160, si kali, lakini ni tulivu na mafundi wetu wameizoea kwa kuwa ilikuwamo kwenye Mark II na Crown pia. Ile ya silinda nne, RS200 yenye 3S-GE, inafikia farasi 210 kwa giaboksi ya mkono na ndiyo inayosifiwa na wapenda mbio, ila nguvu zake hutoka kwenye mizunguko ya juu. Spea za sehemu zake za pekee hazipatikani kirahisi kila duka. Zote mbili hutumia mkanda wa taiming, kwa hiyo yale niliyomwambia kijana wa Makorora yanakuhusu.

Kagua bolijointi za chini za mbele, vile viungo vinavyoshikilia gurudumu, kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye Altezza ni udhaifu unaojulikana, na zikichomoka gurudumu hulala na usukani haukusaidii. Na kwa kuwa unapanda Lushoto, oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Oili hii hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya kwetu pwani ina unyevu mwingi. Yenye maji huchemka mapema, na ikichemka kwenye kona za kuteremka Mombo pedali huzama bila kushika. Teremka kwa gia ndogo, hata kama ni otomatiki, na breki zipumzike.

SWALI: Gari langu linalala mita chache kutoka baharini. Nimekuta kutu kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Nipige rangi tu?

JIBU: Rangi juu ya kutu ni kuificha. Inua zulia la buti na plastiki za pembeni, utazame pale shokapu za nyuma zinapofungwa, kwa sababu kwa Impreza na Forester kutu hupenda kuanzia kwenye tao na kuishia huko, na hapo bati ndilo linalobeba gari. Ukipiga kwa mpini wa bisibisi na bati likasikika butu au likabonyea, ni kazi ya kukata na kuchomelea bati jipya. Likilia kwa ukavu, kwangua hadi chuma cheupe, paka dawa ya kuzuia kutu, ndipo rangi. Baada ya hapo osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, na uzibue kwa waya mwembamba vile vitundu vidogo vya kutolea maji vilivyo chini ya milango, kwani huziba kwa mchanga na maji ya chumvi hukaa humo.