Daktari akikuuliza maji unachota wapi

Swali: Nilikwenda kituo cha afya kwa kikohozi, daktari akaniuliza napikia nini na nafanya kazi gani. Inamhusu nini?

Jibu: Inamhusu sana. Kikohozi cha anayepikia kuni katika chumba kisicho na dirisha hakiponi kwa dawa peke yake. Akikwambia utoe jiko nje na utumie kuni kavu, hiyo nayo ni tiba. Asipouliza, mtajie mwenyewe.

Swali: Jirani zetu wanayeyusha betri chakavu za magari. Mwanangu wa miaka mitatu anaumwa tumbo na amepungukiwa damu. Nimwambie nini daktari?

Jibu: Anza na betri. Ndani yake mna risasi, metali yenye sumu, nayo huleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu na ugumu wa kujifunza. Asiyejua habari za betri atakupa dawa ya minyoo na kukurudisha nyumbani. Omba kipimo cha risasi, damu itolewe kwenye mshipa: kidole chenye vumbi hupandisha majibu kwa uongo. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Dawa ya kuondoa risasi mwilini hutolewa kwa mtoto aliyefikia 45, nayo haifai kitu akirudi kwenye vumbi lile lile. Pigeni deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kukavu, mikono inawiwe kabla ya kula. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, sumu ikabaki udongoni. Kwa hiyo daktari akikuta mtoto mmoja, apime na ndugu zake, kisha ampe taarifa afisa afya wa eneo.

Swali: Tulilala na jiko la mkaa ndani, tukaamka wote tunaumwa kichwa. Zahanati walipima oksijeni kidoleni, ikasoma 98, wakasema tuko salama.

Jibu: Kifaa kile hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, msikiamini hapo. Kichwa kuwauma wote kwa pamoja ni dalili tosha. Rudini mkapewe oksijeni kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Mjamzito apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu.

Swali: Maji ya kisima chetu, Arusha, yanatia meno kahawia. Tuchemshe?

Jibu: Kuchemsha huua vijidudu tu. Floridi, madini yanayotia meno kahawia, hubaki, tena hukolea maji yanavyopungua. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto wa chini ya miaka 8, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, mpeni maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa.