VPN ilikuwa imewaka, nami nilikuwa uchi

Mimi ni mhariri wa video za harusi, kibanda changu kipo Nkuhungu hapa Dodoma. Mwaka juzi niliweka programu ya kubadilishana muziki kompyuta kwa kompyuta, nikitafuta taarabu za zamani. Ikaniuliza folda ipi niwafungulie wenzangu. Kwa haraka nikaipa diski D yote.

Siku ya tatu nikakuta ujumbe wa mtu wa mbali: unajua kitambulisho chako kinaonekana? Nikafungua. Skani ya NIDA, ankara zenye namba za wateja, na kitchen party nzima ya mama mmoja wa Ipagala. Wanawake peke yao, milango imefungwa, hata mimi nilipewa memori kadi tu nikahariri. Baridi ya Julai, jasho likanitoka.

VPN, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta ya mbali, ilikuwa imewaka muda wote. Ilificha anwani yangu ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta yangu mtandaoni, basi. Jina nilikuwa nimeligawa mwenyewe. Kwa hiyo anza na folda: tengeneza moja tupu, weka humo unachogawa tu, na video za wateja zikae kwenye diski ya nje isiyochomekwa ovyo. Kagua na picha zako, nyingi za simu hubeba mahali zilipopigiwa.

Torenti, yaani kugawana faili vipande vipande kati ya kompyuta nyingi, ni jambo jingine. Tangu Bram Cohen aitoe BitTorrent mwaka 2001, unayegawana naye faili huiona IP yako, la sivyo vipande vitakufikiaje? Na ukishusha, unapandisha pia. Wimbo wa mtu ukiusambaza hivyo bila ruhusa, umevunja hakimiliki, hata kama unajiona msikilizaji tu. Usikimbilie Tor, mtandao wa kuficha wewe ni nani: wenyewe walioitengeneza wanakataza torenti humo, maana programu nyingi huitaja IP yako halisi. VPN nayo hukatika mtandao ukiyumba, hivyo ifungie programu ya torenti kwenye hiyo VPN, isipite nje yake. Pia Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitaka wanaotumia VPN watoe taarifa zao, usijifanye hukusikia.

Kesho yake nilimpigia yule mama, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

“Na ile ya ngoma, mwanangu, nayo ilikuwemo?”

Ilikuwemo.